Kikohozi cha Mwenye Baraza

Jumamosi, tarehe kumi na tisa Oktoba, saa nne za asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti juu ya zulia la chumba cha mwisho, mguu wa mzee umelala mapajani mwangu juu ya taulo, namkata kucha. Mwenzangu Kemunto alikuwa amepanda ngazi fupi, akiipima kwa macho picha iliyoning'inia ukutani. Jumanne mtathmini angekuja kumpima mzee kwa mara ya mwisho, na baada ya hapo, kama sote tulivyoamini, angehamishiwa kwenye jengo la wenye kusahau, lile ambalo milango yake hufunguliwa kwa namba na wakazi hawapewi hizo namba. Kuta za huko hubaki tupu. Msumari hauruhusiwi, wala kamba.

"Hii picha ya kibanda tuta-pack aje?" Kemunto aliuliza. "Ni ndefu kama leso ya nyanya yangu."

"Huviringishwa," nikamjibu. "Na si kibanda. Kibanda ni cha kuuzia chapati. Hilo ni banda."

"Banda ni la kuku, wewe Mtanzania. Unaona kuku hapo?"

"Si banda wala si kibanda," ikasema sauti juu ya kichwa changu. "Hilo ni baraza."

Mkasi wa kucha uliniponyoka. Nilitazama mlangoni kwanza, nikidhani pengine mume wa Kemunto amekuja kumchukua akitokea zamu yake ya ghalani, mji wa jirani wa Shakopee. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nikatazama televisheni, ilikuwa imezimwa. Kilichobaki ni kumtazama mzee mwenyewe, Mchina wa miaka themanini na ushei, ambaye kwa karibu miaka mitatu hatukuwa tumesikia kutoka kinywani mwake neno lolote linaloeleweka. Alikuwa ananitazama kwa uso wa mtu aliyevunja sahani ugenini.

"Woi, Yesu wangu," Kemunto akasema kutoka juu ya ngazi, kisha akaketi hapo hapo ngazini.

Mimi ni muuguzi. Nimesomea kazi hii chuoni, nimeifanya tangu ujana hadi sasa mvi zimeanza kuniota, nami nimewaona watu wakikata roho na watu wakirudi. Sikumbuki kushtuka namna ile. Mtu akizinduka, unashangilia. Lakini huyu hakuwa amezinduka; alikuwa macho siku zote. Papo hapo nilianza kukumbuka yote tuliyowahi kuyasema mbele yake, na masikio yangu yakawaka moto.

Tulimwita Mzee wa Chumba cha Mwisho, na tulipotaka utani, Mzee Kibanda. Nyumba yetu ni ya kawaida, ya familia, huko Savage, jimboni Minnesota, upande wa mtoni kwenye maghala ya nafaka. Ndani yake tunawatunza wazee wanne. Alikuja kwetu baada ya kiharusi. Kabla ya hapo alikuwa na duka dogo Saint Paul, akitengeneza fremu za picha za watu wengine: harusi, mahafali, mbwa waliokufa. Kiharusi kilimnyima mguu na mkono wa kulia, na kama tulivyoambiwa, kilimnyima pia lugha. Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote. Kichina chake kilitoka vipande vipande, na vipande hivyo vilimuudhi. Mara kadhaa tuliletewa mkalimani wa Kichina kwenye kishikwambi, kijana mpole aliyevaa tai. Mzee alimsikiliza, akafungua kinywa, zikatoka silabi zisizoshikana, na akafumba macho mpaka kijana yule alipoaga. Mwishowe ikaaminika kwamba haelewi.

Binti yake, mwanamke wa rika langu anayeishi Duluth, alikuwa akija mara moja kwa mwezi na mfuko wa machungwa. Aliketi akamshika baba yake mkono, akamsemesha Kichina polepole kama mtu anayemlisha mtoto. Mzee alimpapasa vidole. Nilimhurumia binti, nikadhani namhurumia na mzee pia.

Picha alikuja nayo. Ni karatasi ndefu iliyogandishwa juu ya kitambaa cha hariri, ina mti wa kuviringishia chini na kamba juu. Wino mtupu, mweusi na wa kijivu, bila rangi nyingine. Juu kuna vilele vya milima vinavyotoka katika ukungu kana kwamba havina kitu chini yake. Njia inapanda, inapotea nyuma ya mwamba, inatokea tena mbali kuliko ulivyotarajia. Katikati, kwenye ubavu wa kilima, pamesimama hilo tulilokuwa tunabishania jina: nguzo nne, paa lililokunjwa pembeni kama ukingo wa kofia, sakafu iliyoinuliwa kidogo kutoka ardhini, misonobari miwili ikiinama kando yake. Hakuna kuta. Hakuna mtu.

Hilo la kutokuwa na mtu lilimsumbua Kemunto. Kila asubuhi alipoingia alipiga kelele, "Hodi kibandani!" Kisha akajijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba, "Karibu, lakini mwenyewe ametoka." Alikuwa na nadharia nyingi kuhusu huyo mwenyewe. Siku nyingine alikuwa ameenda kuchota maji. Siku nyingine alikuwa amemkimbia mke. Wakati wa baridi kali alikuwa ameenda Florida. Na mzee alitazama picha, akamtazama Kemunto, akatazama tena picha, nasi tukasema, maskini, anafuata sauti.

Alikuwa na tabia zake. Hakuweza kuvumilia picha iliyopinda. Ukimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu ukapita sebuleni, aliunyoosha mkono wake mzima akainyoosha kalenda ya benki, akainyoosha picha ya Yesu ya mama wa chumba cha pili, na mara moja aliinyoosha tai ya mchungaji aliyekuja kutuombea. Kila Julai, joto na unyevu vilipozidi, alinyoosha kidole ukutani na kuguna mpaka tuishushe picha yake, tuiviringishe na kuiweka kabatini. Septemba alikuwa akiguna tena mpaka tuitundike. Kemunto aliliita jambo hili ugonjwa wa kuficha vitu. Mimi niliandika "hofu isiyo na sababu," kwa lugha ya kitaaluma.

Alikuwa mwungwana kupita kiasi, na alikuwa mwizi wa drafti. Haya mawili yalikaa ndani yake bila kugombana. Alikungoja umeze ndipo aanze kula. Alifunika miguu yake mlango ulipofunguliwa. Lakini ukigeuka kumjibu mtu, kete yako moja iliondoka ubaoni, na ukigeuka tena yeye alikuwa anatazama dirishani, mtulivu. Alipenda mpira wa magongo wa barafuni, na alipenda hasa watu walipoanza kupigana. Chai ya Kichina aliyoletewa na binti yake katika kopo zuri alikuwa hainywi. Alikunywa chai ya Kemunto, yenye maziwa, tangawizi na sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Binti aliagiza apikiwe uji wa mchele. Aliula kwa adabu, vijiko viwili vitatu. Siku Kemunto alipokuja na ugali na mboga za kwao, za kuchemshwa na maziwa, mzee alinyoosha mkono, akafinya tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachota mboga. Tulicheka mpaka machozi. "Ona Mchina anavyojua kukata tonge!" Kemunto alisema. "Huyu kwao ni Kisii."

Hatukujiuliza alijifunzia wapi. Jambo hilo mpaka leo linanishangaza kuliko yote. Sisi ni watu wa kuulizana. Tukikutana na mgeni dukani tunataka kujua kwao, kwa mama yake, kabila la bibi yake. Huyu tulimwona akikata tonge, tukacheka tu.

Kisha kuna kikohozi.

Tangu wiki ya kwanza mzee alikuwa anakohoa. Hakikuwa kikohozi kirefu. Kilikuwa kimoja, kikavu, cha juu ya koo, na kilikuja bila utaratibu: siku nzima kimya, halafu akakohoa mara tatu katika robo saa. Nilimpa dawa ya maji. Nikambadilishia mto. Nikampeleka kupigwa eksirei ya kifua. Mapafu yalikuwa safi. Daktari akasema labda mate yanampalia kwa sababu ya kiharusi, basi tukaanza kuukoroga unga katika maji yake yawe mazito, na mzee akayanywa maji hayo mazito kwa uso wa mtu anayelipishwa kosa la mwingine.

Mimi nimekulia Pangani. Bibi yangu hakuwahi kupita mlango wa mtu bila kukohoa. Ukikuta watu wazima wanazungumza, unakohoa. Ukitaka kupita uani na hujui nani anaoga, unakohoa. Ukijikuta unasikia jambo lisilokuhusu, unakohoa, ili wenye maneno wajue kuna masikio. Haya nimelelewa nayo kama nilivyolelewa na kula kwa mkono wa kulia. Na mtu alikohoa mbele yangu kwa karibu miaka mitatu, nikampa dawa.

"Siku niliyofika," aliniambia Jumamosi ile, baada ya Kemunto kushuka ngazini na mimi kujiinua kutoka zuliani, "wewe ulikuwa hapo dirishani, unazungumza na mama yako kwa simu. Nikakohoa. Hukugeuka. Nikakohoa tena. Ukakata simu, ukanipa dawa."

Kiswahili chake kilikuwa cha Pemba, cha zamani, kilichopigwa pasi. Kilitoka polepole, kwa upande mmoja wa mdomo, lakini kilitoka kizima. Sentensi zilikuwa na mwanzo na mwisho.

"Kwa nini hukusema tu?" nilimuuliza. Nilikuwa nalia, sijui kwa nini.

"Nilikwisha sikia mengi, mwanangu. Aliyekwisha sikia mengi anaanzaje kusema? Ningesema siku ya pili, mngeona haya ya siku moja. Ya mwezi mzima je? Kila siku niliyonyamaza ikaniongezea sababu ya kunyamaza."

"Na ungekubali wakufungie? Milango ya namba?"

Alifikiri. "Ningekubali. Aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko mlango wao." Halafu akamgeukia Kemunto, na kwa mara ya kwanza nikaona hasira yake. "Lakini hili kuliita banda! Miaka yote! La kuku!"

"Mzee, pole sana," Kemunto alisema. "Na ile story ya mume wangu na ile gari, hiyo pia ulisikia?"

"Nilisikia."

"Yote?"

"Nilikohoa," mzee akasema.

Kemunto akajifunika uso kwa kitambaa cha vumbi, mabega yakimtikisika, na sikuweza kujua kama anacheka au analia. Nadhani yeye pia hakujua.

Maelezo yalikuja kidogo kidogo kwa siku mbili zilizofuata, kwa sababu alichoka upesi. Ujanani alikuwa mkalimani wa madaktari wa Kichina kisiwani Pemba. Aliishi katika nyumba ya mama mmoja mjane aliyemfundisha Kiswahili kwa kumkemea. Kiingereza alichojifunza baadaye na Kichina alichozaliwa nacho vyote vilibomolewa na kiharusi. Alisema akitafuta neno la Kichina ni kama kuingiza mkono kabatini na kukuta nguo zote zimefungwa mafundo. Kiswahili kilikuwa chumba kingine, na chumba hicho hakikuguswa. Nilisoma habari za namna hii chuoni. Kuzisoma hakukunisaidia. Mtu alikuwa amebakiwa na lugha moja tu ya kusemea duniani, na ikatukia akaletwa mahali ambapo watu wanaisema lugha hiyo, na heshima ikamzuia kuitumia.

Picha ilitoka huko huko. Aliichora Pemba, nakala ya picha ya mwalimu wake, ambayo nayo ilikuwa nakala ya nyingine ya kale. Alisema waliotangulia walijifunza hivyo, nakala juu ya nakala, na hakuna aliyeona aibu. Wakati wa masika karatasi ilivimba, ikabidi aiviringishe na kuificha sandukuni. "Julai yenu hapa," alisema, "kwa karatasi ni masika." Na mama mjane alipoiona akauliza hicho ni nini juu ya kilima. Alimweleza: ni mahali pasipo na kuta, mtu hupanda akaketi, akatazama, na mgeni akipita humkaribisha. Mama akasema, "Basi si ungesema tu ni baraza." Tangu siku hiyo hakulijua kwa jina jingine. Hata jina la Kichina la mahali hapo, alisema, lilikuwa limemtoka.

Jumapili nilimpigia simu binti. Sikujua nianze wapi. Nilipomaliza akauliza, kwa Kiingereza, "Anazungumza nini?" Nikamwambia tena. Akasema anajua baba yake aliwahi kwenda Afrika, kulikuwa na picha moja ya zamani, alidhani ni safari. "Mimi ni mwanawe," akasema, "na anazungumza na nyinyi." Alikuja siku iliyofuata, akakaa kitini akasikiliza baba yake akibishana na Kemunto juu ya nani aliiba kete, maneno yakimtoka, mkono wake mzima ukienda, na binti hakuelewa hata moja. Niliuona uso wake. Kulikuwa na furaha, na kulikuwa na kitu kingine kama cha mtu aliyefika kwake akakuta kitasa kimebadilishwa. Alitoka nje akasimama kando ya gari lake. Nilimfuata. Akaniambia, "Nifundishe moja."

"Moja nini?"

"Sentensi. Ya asubuhi. Anayoambiwa mzazi."

Nikamfundisha "Baba, umelala salama?" pale pale kwenye lami, upepo wa mtoni ukitupiga. Aliirudia mpaka ikakaa. Alisema ni rahisi kuliko alivyodhani, kila herufi inatamkwa. Akarudi ndani akaisema, ingawa ilikuwa saa tisa alasiri. "Salama, mwanangu," mzee akamjibu, na hakunyoosha kitu chochote ukutani siku ile yote.

Lakini Jumanne ilikuwa bado. Mtathmini, msichana makini mwenye koti la kijani, alinisikiliza mlangoni kwa uvumilivu unaopewa jamaa za mgonjwa wenye matumaini. Alikubali kumpima kwa Kiswahili kwa sharti moja: mimi na Kemunto tusiseme neno, maana sisi ni watu wa nyumba. Mkalimani angekuwa wa simu. Aliwekwa kwenye spika, mwanamume, na nilipomsikia tu nikajua ni ndugu yetu wa Kongo.

"Bonjour, muzee. Madame anauliza, leo ni siku gani?"

Mzee alikaa kimya. Mtathmini akangoja. Kemunto akanifinya mkono.

"Muzee? Unasikia bien?"

"Nasikia," mzee akasema. "Nangoja uniamkie."

Upande wa pili kukawa na kicheko kilichokatwa haraka. "Pardon, muzee. Shikamoo."

"Marahaba. Na yeye?"

Mkalimani akaeleza kwa Kiingereza kwamba mzee hajajibu kwa sababu hajasalimiwa. Mtathmini aliinua kichwa. Akamwuliza mkalimani neno lile linasemwaje, akalisema vibaya, mzee akalipokea. Kisha mzee akamwambia kuwa leo ni Jumanne, kwamba yuko Minnesota, kusini mwa mto, kwamba theluji haijaanguka bado, na kwamba anaishi na watu wawili waliomdhania kiziwi.

"Anauliza, utaje vitu vitatu unaviona mu chumba."

"Kitanda kisicho changu," mzee akasema. "Dirisha lisilofunguka. Na baraza."

"Baraza?" mkalimani akauliza.

"Baraza."

Mkalimani akatafsiri. Kitanda, dirisha, na mkutano. Mtathmini akauliza tena, na mkalimani akathibitisha: mzee anasema anaona mkutano chumbani, wa chifu na watu wake. Kalamu ya mtathmini ikashuka kwenye karatasi. Nilijua atakachoandika, nimekiandika mwenyewe kuhusu wengine mara nyingi. Anaona watu wasiokuwepo. Nilifungua kinywa, na mtathmini, bila kunitazama, akaninyooshea kiganja. Neno lile lile lililomtoa mzee katika kimya sasa lilikuwa linampeleka kwenye milango ya namba.

Mzee ndiye aliyekohoa. Kimoja, kikavu, cha juu ya koo.

Na kwa mara ya kwanza mtu alikielewa. "Nakusikiliza, muzee," sauti ya simu ikasema.

"Wewe kijana, kwenu watu wakitaka kukaa na mgeni nje, kivulini, pasipo na kuta, hukaa wapi?"

"Kwetu? Mu payote."

"Ina nguzo?"

"Ndiyo, nguzo ine. Na manyasi juu."

"Basi mwambie hiyo. Iko ukutani. Juu ya kilima."

Mkalimani akasema kwa Kiingereza: kibanda kisicho na kuta, bibie, anasema kiko ukutani, juu ya kilima. Mtathmini akainua macho. Alikuwa amekaa chini ya picha ile kwa nusu saa bila kuiona. Aliitazama kuanzia milima, akashuka na njia, akaipoteza, akaipata, akafika. Halafu akakata mstari juu ya alichoandika.

Hakupelekwa kwenye milango ya namba. Lakini hakubaki kwetu pia, na hilo sikulitarajia. Binti aliomba likizo, akatengeneza chumba cha chini cha nyumba yake, akasema kama baba anaweza kusema, basi atasema nyumbani. Mwisho wa mwezi alikuja kumchukua.

Asubuhi ile niliingia peke yangu. Nilisimama mlangoni, nikasema hodi, nikangoja. "Karibu," akajibu, na mpaka leo neno hilo silisikii kama zamani. Aliniambia nivute kiti, nitazame picha naye kabla hatujaiviringisha. Nilitazama. Nilikuwa na swali la Kemunto, nikaliuliza kwa unyenyekevu, nikitarajia falsafa.

"Mzee, kwa nini hakuna mtu barazani?"

"Mwalimu wangu aliweka mtu. Amekaa, ameshika kikombe." Akatikisa kichwa. "Mimi sijui kuchora watu. Mikono hunishinda. Hutoka kama tangawizi."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu, naye akacheka kwa upande wake mmoja. Kisha akaacha, akakohoa.

"Sema, mzee," nikamwambia.

"Mama yako anajua."

Sikumwuliza anajua nini. Mume wangu alihamia Texas zaidi ya mwaka uliopita, na kila nilipompigia mama Pangani, dirishani mwa chumba kile kwa kuwa ndicho chenye utulivu, simu ikiwa kwenye spika na mikono yangu ikikunja shuka, nilimwambia mwenzangu yuko kazini.

"Umejuaje?" nilimuuliza.

"Huuliza, 'Mwenzio hajambo?' Halafu hangoji jibu. Huenda haraka kwenye mvua na bei ya samaki. Anayetaka kujua hungoja, mwanangu. Yule anakupitisha."

Nje binti alikuwa akifungua mlango wa gari na Kemunto akimpa maelekezo ya chai, kwa sauti ya kusikika hadi mtoni. Nilikuwa nimesikiliza sauti ya mama yangu maisha yangu yote, na mtu huyu, mgonjwa asiyeelewa, ndiye aliyeisikia. Tukaishusha picha pamoja, mimi kwa mikono miwili na yeye kwa mmoja, tukaiviringisha kutoka chini: njia kwanza, kisha baraza, kisha milima.

Binti alinipigia katikati ya Novemba. Alisema wanaendelea, ana sentensi nane sasa. Akaniomba niandike barua kwa Kiswahili, ndefu kiasi nipendavyo. Angemsomea baba yake kwa sauti, herufi kwa herufi, bila kuelewa. Niliandika Jumapili moja nyumbani kwangu, mtaa wa Phillips, nikaituma siku iliyofuata.

*

Mzee wangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Natumai sauti hii inayokusomea inatamka vizuri. Ikikosea, tafadhali usiikatize mpaka ifike kwenye nukta.

Chumba chako amepewa bibi mmoja wa Wisconsin anayezungumza mchana kutwa. Kemunto anasema Mungu ametulipa. Kila asubuhi bado anaita hodi kwenye ule ukuta mtupu, kisha anakumbuka. Dawa yako ya kikohozi niliimwaga, na ule unga wa maji tumeutupa.

Nilimpigia mama. Aliniuliza, "Mwenzio hajambo?" Safari hii sikumwacha aende kwenye mvua. Nikamwambia, mama, ngoja. Akangoja. Tulilia kidogo, kisha akaniuliza nani kanipa akili hiyo, nikamwambia ni mtu aliyewahi kukaa Pemba. Anakusalimu sana. Anauliza kama umeoa.

Anayekusomea hajui ninachoandika hapa, basi nisikie vizuri. Ana sentensi nane, na zote umezijibu. Mfundishe ya tisa wewe mwenyewe, usiningoje mimi. Na usimwibie kete; yeye hatakwambia, lakini anaona.

Barabara ikiwa safi nitakuja Krismasi na Kemunto, na ugali. Sitabonyeza kengele ya mlango. Nitasimama nje kwenye theluji nikohoe mara moja tu, nawe utamwambia binti yako afungue.

Wako,
Muuguzi wa chumba cha mwisho